Kipimo cha Upepo

Bibi Salme alihesabu majira ya baridi kwa kuni:
mita kumi na nne za ujazo kila mwaka, mbetula tupu,
zilizopasuliwa, zikaanikwa, zikapangwa, zikaingizwa ndani kwa mgongo wake,
na bado ndoo ya maji iliganda kando ya kitanda.
Joto lile lilikwenda wapi? Juu,
kwa kunguru wa darini,
kwa nyota za Võru zisizojua kushukuru.

Alipokufa, nyumba ilikaa miaka kumi na tisa.
Paa lilipinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.
Mbweha alizaa jikoni.
Kaka yangu Tarmo alisema, vunja, weka kontena.
Mtu wa benki alisema hivyohivyo, kwa barua yenye mhuri.
Nikawajibu: magogo haya yana miaka mia na kumi
na kisu changu hakiingii.
(Upande wa kaskazini kiliingia hadi mpini.
Sikuwaambia.)

Tukaiinua kwa jeki nne za lori,
sentimita moja, chai, sentimita moja, chai.
Magogo matatu ya chini yalikuwa yamegeuka ugoro.
Chini ya sakafu tukamwaga changarawe ya kioo
kilichoumuliwa kama mkate;
kati ya gogo na gogo, nyuzi mpya za kitani;
kisha kuta tukazijaza magazeti yaliyosagwa,
sentimita thelathini na tano za hotuba,
matokeo ya mpira, matangazo ya vifo,
vyote sasa sufi ya kijivu,
vyote hatimaye vimemfaa mtu.
Chini ya ngazi tukafunga mashine ya kupumua:
hewa iliyochoka, ikitoka,
huivua koti lake na kumvika mgeni anayeingia.

Jumanne moja ya Novemba Urmas alikuja na feni,
akaipachika mlangoni kwa turubai jekundu,
akainyonya nyumba kama mtu anyonyavyo mfupa.
Namba zilishuka. Zikasimama.
Sifuri nukta tisa.
Tulikuwa tumeahidi nukta sita.

"Pana mahali panavuja," akasema, akawasha kijiti cha moshi,
tukatambaa kwa magoti, mimi, yeye na moshi,
mpaka pembeni, nyuma ya jiko la matofali,
ambapo moshi ulisita, ukageuka,
ukanijia usoni.

Nikang'oa ubao.
Ndani ya tundu: glavu ya sufu, ya mtoto,
ya mkono wa kushoto,
nyekundu pale ambapo panya hawakufika.
Watu husema ufa uzibwe mapema.
Aliuziba. Kwa alichokuwa nacho.

Nikampigia mama, yuko Tartu.
Nikamweleza rangi, na nyota iliyofumwa kiganjani.
Alinyamaza hata Urmas akazima feni.
Kisha: "Usiitoe."
Na baadaye, kana kwamba tumehamia habari nyingine:
"Kalju alikuwa na mikono midogo sana."
Jina hilo sikuwahi kulisikia kwetu.

Nikairudisha. Nikapaka gundi kuzunguka tundu,
nikabandika utepe wa buluu,
nikaukandamiza kwa mgongo wa kijiko
mara nyingi kuliko ilivyohitajika.
Sifuri nukta tano tisa.
Urmas akaandika, akaomba kahawa.

Leo nje ni digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Viazi vinachemka, na mvuke wake unatosha chumba kizima.
Mita mbili za kuni zitanivusha hadi Aprili.
Tarmo alikuja Krismasi, akavua sweta,
akavua la pili, hakusema kitu.

Kimya tu ndicho sijakizoea.
Misonobari inayumba, naiona, upepo siusikii.
Usiku mwingine nashuka kunywa maji,
naweka kiganja kwenye ule ubao.
Una uvuguvugu,
kama ukuta wowote.